Utenzi wa Villagrá juu ya Juan de Oñate

Mwaka 1610, katika mji wa Alcalá de Henares nchini Hispania, kilipigwa chapa kitabu kiitwacho Historia de la Nueva México. Mtungaji wake alikuwa Gaspar Pérez de Villagrá, mzaliwa wa Puebla katika Meksiko, mtu aliyesoma katika chuo kikuu cha Salamanca, kisha akajifunga upanga na kufuatana na Juan de Oñate katika safari ya kuitwaa nchi ya kaskazini kwa jina la mfalme. Kitabu kina sura 34 na mistari karibu 12,000, na takriban yote ni mashairi. Kwa hiyo historia ya kwanza iliyopigwa chapa juu ya makazi ya Wahispania katika nchi ambayo leo ni jimbo la New Mexico nchini Marekani ilitolewa kwa ulimi wa shairi, na aliyeitoa alikuwa mmoja wa wale walioitenda.

Jambo hilo limekipa kitabu bahati mbili zisizolingana. Wanahistoria wamekipenda kwa kuwa mtungaji aliyaona mambo kwa macho yake. Wahakiki wa ushairi wamekidharau kwa kuwa, wasemavyo, ni habari tupu zilizokatwakatwa kwa kipimo. Kila upande umechukua nusu ya kitabu ukaiacha nusu ya pili. Wanahistoria husahau kuwa shahidi huyu alikuwa akitunga, na wahakiki husahau kuwa mtunzi huyu alikuwa akitoa ushahidi. Katika kisa cha Acoma, ambacho ndicho moyo wa utenzi wenyewe, msomaji akisahau moja ya mambo hayo mawili hatajua ni kitu gani anachokisoma.

Juan de Oñate hakuwa mgeni aliyetoka Ulaya kutafuta riziki. Alizaliwa Meksiko karibu na mwaka 1550, mwana wa Cristóbal de Oñate, Mbaski aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa machimbo ya fedha ya Zacatecas. Mkewe, Isabel de Tolosa, alikuwa mjukuu wa Hernán Cortés na kitukuu cha Moctezuma. Nyumbani mwake, basi, damu ya mshindi na damu ya mshindwa zilikuwa zimekwisha changanyika kabla hajapanda farasi kwenda kuwashinda watu wengine. Kwa Villagrá nasaba hiyo ni pambo tu la kumkweza shujaa. Hailetei hadithi swali lolote.

Mwaka 1595 Oñate alifanya mapatano na Luis de Velasco, makamu wa mfalme katika Meksiko. Gharama nyingi za safari ziliwekwa juu ya Oñate na jamaa zake. Malipo yake yalikuwa cheo cha gavana na jemadari, na uwezo wa kuwagawia wafuasi wake kodi za wenyeji watakaotiishwa. Mapatano ya namna hii yapasa kukumbukwa na kila asomaye utenzi huu. Mfalme alipata nchi kwa gharama ya mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa na haraka ya kurudisha alichotoa. Na hapakuwa na mahali pa kukirudisha ila ardhini mwa wenyeji, ghalani mwao na mgongoni mwao. Oñate alitumaini kukuta machimbo mengine kama ya Zacatecas, na tena alidhani kuwa bahari haiko mbali, na kwamba merikebu zingeweza kumletea mahitaji. Yote mawili yalikuwa makosa. Mwenye deni kubwa na ramani mbaya ni mtu wa kuogopwa, na habari nyingi zilizotokea baadaye zina chanzo chake hapo.

Villagrá hupita haraka mahali hapo, kisha hukawia mno mahali pengine. Velasco aliondoka, akaja makamu mpya, Mkuu wa Monterrey, ambaye hakumwamini Oñate. Mwaka 1596 amri ilitoka kuizuia safari. Watu, magari na mifugo walikuwa wamekwisha kusanyika; chakula kililiwa, wanyama walikufa, watu walitoroka; wakaguzi walikuja kuhesabu kila msumari na kila kiatu cha farasi, wakaenda zao, wakaja wengine kuhesabu upya. Haya yote yamo katika utenzi. Tena mtungaji huuvunja utenzi wake na kutia ndani yake hati za serikali kwa nathari, neno kwa neno, kama wakili awekaye karatasi mbele ya kadhi. Msomaji aliyezoea tenzi huchoka hapa, wala si kosa lake. Hata hivyo uchovu huo una faida, kwa maana ndipo sauti halisi ya kitabu husikika kwa mara ya kwanza. Ni sauti ya mtu anayedai haki yake. Mfalme Felipe III, ambaye utenzi umeelekezwa kwake tangu mwanzo hata mwisho, si msikilizaji wa desturi tu aliyewekwa kwa heshima. Ni mdaiwa.

Juu ya umbo, Villagrá alikuwa na walimu wawili. Wa kwanza ni Virgil, na ufunguzi wa utenzi ni mwigo wa wazi wa ule wa Aeneid. Wa pili ni Alonso de Ercilla, askari aliyepigana Chile na kutunga La Araucana, iliyotoka kwa sehemu tatu mwaka 1569, 1578 na 1589. Kwa Ercilla alijifunza kuwa vita vya juzi vinaweza kuimbwa kama vita vya zamani, na kwamba adui aweza kupewa ushujaa na ufasaha bila aibu kwa mshindi. Lakini hakuichukua bahari ya Ercilla. La Araucana ina beti za mistari minane yenye vina vilivyopangwa. Villagrá alishika mstari wa mizani 11 na kuacha vina kabisa.

Msomaji wa Kiswahili atalitambua tatizo hili upesi kuliko wengine. Katika utenzi wetu kina cha mwisho wa ubeti ndicho msumari ushikao jengo zima, na Abdul Karim bin Jamaliddini aliposimulia vita vya Maji Maji, habari za damu na moto zilibanwa ndani ya vipande vifupi ambavyo haviruhusu maneno ya ziada. Villagrá hana msumari huo. Mstari wake huingia katika mstari wa pili, na wa pili katika wa tatu, hata sentensi moja huweza kwenda mistari ishirini kabla haijapata pumzi. Palipo na mwendo jambo hilo humfaa. Palipo na hotuba humwangusha. Mashujaa wake, Wahispania kwa wenyeji, wote husema kwa pumzi ile ile ndefu, na ni vigumu kumtambua mmoja kwa maneno yake.

Mapema mwaka 1598 msafara uliondoka Santa Bárbara. Hesabu zitajwazo mara nyingi ni magari 83, wanyama 7,000, na wanaume kadiri ya 400, ambao 130 kati yao walichukua wake na watoto. Villagrá alikuwa katika kikosi kidogo kilichotangulia kutafuta njia kuvuka jangwa la mchanga mpaka Rio Grande. Sura hii ni nzuri kweli kweli. Kiu yaelezwa na mtu aliyekuwa na kiu: ulimi uliovimba, farasi waliokuwa kama vipofu, kisha mto wenyewe kati ya miti yenye kivuli, na farasi wakinywa hata wengine wakafa kwa maji waliyokuwa wakiyatafuta. Hapa hamna Virgil wala miungu ya Kirumi. Mtunzi amesahau kusoma kwake, na mara hiyo amekuwa mtunzi.

Kumbe furaha hiyo yafuatwa mara moja na hati nyingine. Tarehe 30 Aprili 1598, kando ya mto ule, Oñate aliitwaa nchi kwa jina la mfalme, pamoja na milima, mito, malisho, maji na watu wake, tangu jani la msitu hata jiwe la mtoni, kwa maneno ya kisheria ambayo hakuna mwenyeji aliyeyasikia na ambayo hata angeyasikia asingeyaelewa. Villagrá aliingiza hati hiyo kwa nathari. Siku ile ile ulichezwa mchezo uliotungwa na kapteni mmoja, Marcos Farfán de los Godos, juu ya nchi mpya kulipokea Kanisa kwa furaha. Mchezo wenyewe umepotea. Ni jambo la kuangaliwa kwamba watu wale walicheza kwanza jinsi watakavyopokelewa, kisha ndipo wakaenda kupokelewa.

Tena neno mpaka, ambalo hutumiwa sana katika habari za aina hii, lataka kupimwa. Kwa Oñate nchi ile ilikuwa mpaka wa mwisho wa ufalme. Kwa watu wa Ohkay Owingeh, waliofikiwa na Wahispania mwezi wa Julai mwaka ule ule, ilikuwa katikati ya dunia. Walikuwa na miji ya udongo na mawe yenye ghorofa, mashamba ya mahindi, maharagwe na maboga, bata mzinga waliofugwa kwa ajili ya manyoya, na akiba ya nafaka iliyowekwa kwa miaka ya ukame. Wahispania waliuita mji wao San Juan de los Caballeros, kisha wakahamia ng'ambo ya mto katika mji mwingine wa wenyeji wakauita San Gabriel. Hawakujenga upya, walipewa nafasi au waliwaondoa waliokuwamo. Habari za kukaliwa kwa nchi hii ni habari za watu waliohamia katika nyumba za watu.

Villagrá ana sura ya kupendeza juu ya nyati wa mbugani, na juu ya Wahispania waliojenga zizi kubwa la miti wakidhani watawaswaga humo kama ng'ombe wa Zacatecas, mpaka nyati wakageuka na kuwafundisha adabu. Ucheshi kama huo ni adimu katika kitabu, na inasikitisha kwamba mtungaji hakuutumia zaidi. Kisha huja habari yake mwenyewe, ambayo ni kipande bora cha utenzi wote.

Alikuwa ametumwa kuwafuatia askari wanne waliotoroka na farasi. Wawili kati yao walikamatwa na kuuawa. Katika utenzi jambo hilo lina maneno machache. Akirudi peke yake katika majira ya baridi, pamoja na farasi na mbwa wake, alipita karibu na Acoma, akatumbukia katika shimo la mtego lililofunikwa na theluji. Farasi akafa. Villagrá akatupa silaha zake nzito, akavaa viatu vyake nyuma mbele ili nyayo ziwapoteze watakaomfuata, akaenda kwa miguu siku kadhaa bila chakula. Njaa ilipomzidi alimpiga mbwa wake ili amle. Mbwa, akiwa na jeraha, alimrudia bwana wake na kumlamba mkono. Na ndipo mtu yule alipokumbuka kuwa hana moto wa kumpikia. Akamwacha, akaenda, akakutwa na askari wenzake penye maji.

Mistari hii juu ya mbwa ina majuto ambayo hayapatikani mahali pengine popote katika kitabu. Askari wawili waliochinjwa bila hukumu hawakupata machozi, mbwa alipata. Mtu aweza kumcheka mtungaji kwa hilo, au kumlaumu. Walakini ni afadhali kuliangalia kwa makini zaidi, kwa maana laonyesha kuwa Villagrá alijua vyema majuto ni nini na jinsi ya kuyasema. Hakukosa ufundi. Anaponyamaza mahali pengine, haiwezekani kusema kuwa alinyamaza kwa sababu hakuwa na maneno.

Mahali penyewe ni Acoma. Mji huu uko juu ya mwamba wenye kimo cha mita 110 hivi, na watu wake wako hapo hata leo. Mwezi wa Desemba 1598 Juan de Zaldívar, mwana wa ndugu yake Oñate, alifika hapo na askari kutaka unga na mahindi. Palitokea ugomvi, akauawa pamoja na wenzake zaidi ya kumi. Januari iliyofuata ndugu yake, Vicente de Zaldívar, alipelekwa na askari wasiozidi 70 au zaidi kidogo, nao waliushambulia mwamba kwa siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Januari 1599. Walipanda, wakaingiza mizinga midogo, wakachoma nyumba. Watu wa Acoma waliokufa walikuwa mamia. Wahispania wenyewe walitaja 600 na wengine 800. Villagrá alikuwa miongoni mwa waliopanda, wala hasahau kueleza jinsi alivyoruka bonde jembamba kati ya miamba miwili ili kulitengeneza gogo ambalo wenzake wangevukia.

Sura za Acoma ndizo ndefu na ndizo zilizopambwa kuliko zote. Mtungaji huingia katika baraza la wenyeji na kusikiliza shauri lao: Zutacapán ataka vita kwa tamaa ya ukubwa; wazee na vijana wengine wataka amani; Gicombo, aliye shujaa wa haki, hapendi vita lakini hawezi kuwaacha watu wake; naye Luzcoija, mkewe, ampenda kwa mapenzi ya hadithi za kale. Hotuba hizo hakuna Mhispania aliyezisikia. Ni za Villagrá, kwa mfano wa Ercilla na wa Warumi. Kwa hiyo si ushahidi wa yaliyosemwa juu ya mwamba ule, na yeyote anayezinukuu katika historia amekosea njia. Lakini zina ushahidi wa jambo lingine. Mtungaji alihitaji mtu mmoja mbaya, Zutacapán, abebe lawama ya kila kilichotokea. Akimwondoa huyo, msomaji atauliza kwa nini mji mzima uliwageukia wageni waliokuja kuomba unga.

Jibu la watu wa Acoma wenyewe limehifadhiwa, ingawa kwa kalamu ya adui. Baada ya vita mateka kadiri ya 500, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walipelekwa Santo Domingo na kufanyiwa kesi, na hakimu alikuwa Oñate mwenyewe. Baadhi ya mashahidi wao walisema kuwa Wahispania ndio walioanza, kwa kumjeruhi au kumwua mtu wa Acoma, na ndipo watu wakakasirika. Wengine walitaja madai ya unga, mahindi na mablanketi. Hakuna aliyetaja tamaa ya mtu mmoja aliyetaka kuwa mkubwa. Maneno hayo machache ya mahakamani, yaliyopitia kwa mkalimani na mwandishi, yana uzito kuliko hotuba zote za utenzi.

Hukumu ilitolewa tarehe 12 Februari 1599. Wanaume wenye umri uliozidi miaka 25 wakatwe mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Vijana wa miaka 12 hadi 25, na wanawake wenye miaka 12 na zaidi, watumikishwe miaka 20. Watoto waondolewe kwa wazazi wao: wasichana wakabidhiwe kwa kasisi, wavulana kwa Vicente de Zaldívar. Watu wawili wa Moqui, yaani Wahopi, waliokutwa Acoma, wakatwe mkono wa kulia na kurudishwa kwao wakatoe habari. Waliohukumiwa kukatwa mguu walikuwa wanaume 24. Wako wataalamu wanaobishana kama kilichokatwa kilikuwa mguu wote au vidole tu. Watu wa Acoma hawana shaka juu ya hilo.

Katika mistari karibu 12,000 ya Villagrá, hukumu hii haimo. Utenzi unakoma Acoma inapoanguka. Hapana kesi, hapana hakimu, hapana mguu. Mwaka huo huo wa 1599 wasichana wa Acoma kadiri ya 60 walipelekwa Meksiko, wagawanywe katika nyumba za watawa, na aliyekabidhiwa kuwasindikiza njiani alikuwa Kapteni Gaspar Pérez de Villagrá. Safari hiyo nayo haimo. Mtu aliyetunga mistari mingi juu ya kiu yake, na juu ya jeraha la mbwa wake, aliongoza watoto wasio na wazazi mamia ya maili kuvuka jangwa lile lile, wala hakuona ubeti ndani yake.

Watetezi wake husema kuwa utenzi wa vita hukoma penye ushindi, na kwamba sheria ya sanaa haimlazimishi mtunzi kuwafuata mateka. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Villagrá angekuwa mtumishi mwaminifu wa sheria hiyo. Lakini yeye ndiye aliyetia hati za mfalme katikati ya mashairi, na orodha za ukaguzi, na tamko la kuitwaa nchi. Mlango wa nathari ulikuwa wazi alipotaka kuutumia. Hati ya tarehe 30 Aprili 1598 iliingia. Hati ya tarehe 12 Februari 1599 haikuingia. Uchaguzi huo ni wa mdai anayejua ni karatasi ipi itakayomharibia kesi. Alipokuwa akikipeleka kitabu chapani, uchunguzi wa mambo ya Oñate ulikuwa umekwisha anza kusemwa Meksiko. Naye alikuwa akimwomba mfalme cheo na malipo.

Kungekuwa rahisi kuufunga uhakiki hapo na kumtia mtungaji hatiani, kama utenzi wenyewe usingekuwa na mwisho wa ajabu. Katika sura ya 34, vita vikiwa vimekwisha, watu wawili wa Acoma, Tempal na Cotumbo, wamezuiliwa wala hawataki kusalimu amri. Wanaomba kamba. Wanapanda juu ya mti, wanajifunga shingo, na kabla ya kujitupa wanawaambia Wahispania kwamba miili yao itabaki hapo kuwatazama, na kwamba wakiweza kurudi watarudi kulipiza. Kisha wananing'inia, na mtungaji anaaga, akiahidi sehemu ya pili.

Virgil naye alimaliza kwa kifo cha adui, na wengi wameona kuwa Villagrá aliiga tu. Lakini Turnus wa Virgil huomba huruma. Tempal na Cotumbo hawaombi kitu ila kamba. Neno la mwisho katika utenzi wa ushindi limetolewa na walioshindwa, nalo ni laana. Je, mtungaji alikusudia? Haielekei kuwa Villagrá alitaka kumshitaki Oñate, ambaye amemsifu tangu sura ya kwanza. Inaelekea zaidi kwamba sanaa aliyojifunza kwa Ercilla ilidai adui apewe utukufu, naye akautoa bila kupima bei yake. Kile alichokifungia nje kwa mlango wa hati kiliingia kwa dirisha la desturi ya ushairi. Miguu iliyokatwa haimo, lakini imo miili miwili mtini, nayo inasema.

Yaliyofuata katika maisha ya Oñate yanaonyesha jinsi sifa za utenzi zilivyokuwa mbali na mambo. Mwaka 1601 alikwenda Quivira katika mbuga za mashariki kutafuta utajiri, asiupate. Aliporudi San Gabriel alikuta walowezi walio wengi wamekimbilia kusini. Barua za makasisi na za maofisa wa mwaka huo zilieleza jinsi mahindi na mablanketi ya wenyeji yalivyochukuliwa kwa nguvu, na njaa iliyofuata. Mwaka 1605, akirudi kutoka Ghuba ya California, alichonga katika mwamba wa El Morro kwamba alipita hapo. Maneno hayo yasomeka hata sasa. Mwaka 1607 alijiuzulu. Mwaka 1614 alihukumiwa Meksiko kwa makosa kadhaa, ukatili wa Acoma na kuuawa kwa baadhi ya maofisa wake yakiwamo, akatozwa dukati 6,000 na kufukuzwa New Mexico maisha. Alikwenda Hispania kutafuta msamaha, akapewa kazi ya kukagua machimbo, akafa huko mwaka 1626. Mahakama ya mfalme, basi, iliandika sura ambayo mtunzi aliiacha, ingawa haikuwarudishia watu wa Acoma hata mtoto mmoja.

Utenzi ulibaki bila wasomaji wengi kwa muda mrefu. Mwaka 1933 ulitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Gilberto Espinosa, lakini kwa nathari, na hapo ndipo ulipozidi kutumiwa kama kumbukumbu tu. Tafsiri ya namna hiyo iliondoa mashairi na kuacha madai. Toleo la mwaka 1992 lilirudisha Kihispania cha asili sambamba na tafsiri ya mistari, na kwa hilo wahariri wake wastahili shukrani, kwa maana msomaji aweza sasa kuona mahali mtungaji anapovuta pumzi na mahali anapoizuia. Mwishoni mwa mwaka 1997, miaka 400 ya safari ilipokaribia, watu wasiojulikana waliikata sanamu ya Oñate huko Alcalde, New Mexico, mguu wa kulia. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 2020. Waliokata mguu ule walijua hasa ni ukurasa gani uliokosekana katika kitabu.

Villagrá naye alihukumiwa mwaka 1614, kwa wale askari wawili waliouawa njiani. Aliendelea kuomba cheo, na hatimaye alipewa kimoja katika Guatemala. Alifariki baharini mwaka 1620, akiwa njiani kwenda kukishika, na sehemu ya pili ya utenzi haikutoka.